Kadena: Wanaohesabu ndege za kivita nje ya uzio wa Marekani

Kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja la mapumziko ya wasafiri, kando ya barabara kuu inayopita katika mji mdogo wa Kadena, kisiwani Okinawa, watu hukusanyika karibu kila siku wakiwa na kamera zenye lenzi ndefu, darubini, redio za kunasa mazungumzo ya marubani na daftari. Mbele yao, ng'ambo ya barabara na uzio wa waya, zimelala njia mbili za kurukia ndege, kila moja ikiwa na urefu wa takriban kilomita 3.7. Hicho ndicho kituo kikubwa zaidi cha Jeshi la Anga la Marekani katika Asia ya Mashariki.

Hao ni watazamaji wa ndege, na si wale wa mbugani wanaofuatilia korongo na tai. Ndege wanazozisubiri ni za kivita, za kujaza mafuta angani, za upelelezi, za mizigo na sasa zisizo na rubani. Wengine wamesafiri kutoka Tokyo, Taiwan au Ulaya kwa ajili ya picha moja tu ya ndege adimu. Wengine ni wenyeji ambao hawana mapenzi yoyote na ndege hizo, bali wanaandika saa iliyoruka, aina yake na upande ilioelekea, kwa sababu wanaamini kwamba asipoandika mwananchi, hakuna mwingine atakayeandika kwa niaba yake.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, aliyezoea kuona ubao wa kukataza kupiga picha hata mita mia kabla ya geti la kambi ya jeshi, hali hiyo yaweza kuonekana kama maajabu. Si Afrika pekee yenye woga huo. Mwezi Novemba 2001, watazamaji 14 wa ndege, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa huko Kalamata, Ugiriki, wakashitakiwa kwa ujasusi na kutiwa hatiani Aprili 2002, kabla ya mahakama ya rufaa kuwafutia hatia Novemba mwaka huo huo. Nchini Japani, kupiga picha ukiwa barabarani au juu ya jengo la umma nje ya uzio kwa kawaida si kosa, na halmashauri ya mji wa Kadena ndiyo iliyojenga sehemu hiyo ya kutazamia. Jengo lina hata ukumbi wa maonyesho unaoeleza historia ya kambi kwa wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi.

Karibu na jengo hilo kipo kilima ambacho wenyeji walikipa jina la kejeli: kilima cha kuuonea Mkataba wa Usalama. Mkataba wenyewe, uliotiwa saini mwaka 1960 kati ya Japani na Marekani, ni karatasi iliyohifadhiwa Tokyo na Washington. Anayetaka kuuona ukifanya kazi hupanda kilima hicho.

Ili kuelewa kwa nini hesabu ya ndege ni jambo zito mahali hapa, inafaa kuangalia ramani. Okinawa ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani, lakini inabeba takriban asilimia 70 ya ardhi yote inayotumiwa na majeshi ya Marekani peke yao nchini humo. Katika mji wa Kadena wenyewe, wenye wakazi wapatao 13,000, kambi imechukua zaidi ya asilimia 80 ya eneo la mji. Watu wanaishi kwenye kipande kilichobaki. Majirani zao wa Chatan na mji wa Okinawa nao wamebanwa na uzio huo huo.

Kambi haikuombwa na wakazi hao. Majeshi ya Marekani yalitua kwenye fukwe za karibu na hapo tarehe 1 Aprili 1945, yakauteka uwanja uliokuwa wa jeshi la Japani, na katika miezi mitatu ya mapigano zaidi ya watu 200,000 wa pande zote walipoteza maisha, sehemu kubwa wakiwa raia wa kisiwa hicho. Okinawa ilibaki chini ya utawala wa Marekani hadi Mei 15, 1972. Iliporudishwa Japani, kambi zilibaki.

Tangu enzi hizo, macho ya wenyeji yamekuwa yakiona mambo kabla ya matangazo rasmi. Februari 1968 waliona ndege kubwa za kudondosha mabomu aina ya B-52 zikiwasili, na haikuchukua muda kujua kwamba zilikuwa zinakwenda Vietnam na kurudi. Novemba 19 mwaka huo, moja kati ya hizo ilianguka na kulipuka ikiwa imesheheni mabomu, wakati ikijaribu kuruka, si mbali na maghala ya silaha. Mwaka huo huo ilianza kuonekana ndege nyeusi ya upelelezi SR-71, iliyokwenda kasi kuliko mara tatu ya sauti. Kwa Wamarekani ilikuwa siri kubwa. Kwa watu wa Okinawa ilikuwa kitu cheusi kilichotoka kwenye banda mchana kweupe, wakakiita habu, jina la nyoka mwenye sumu wa kisiwani kwao. Jina hilo liliwapendeza hata marubani, wakaanza kulivaa kwenye nembo za sare zao, hadi ndege hizo zilipoondolewa Kadena mwaka 1990.

Lakini tukio ambalo wazee hulitaja kwanza ni la Juni 30, 1959. Ndege ya kivita aina ya F-100 iliyoruka kutoka Kadena ilipata hitilafu, rubani akajirusha kwa mwavuli na kusalimika, na ndege ikaangukia nyumba za watu kisha shule ya msingi ya Miyamori, muda mfupi baada ya watoto kupewa maziwa. Watu 18 walifariki, wakiwemo wanafunzi 12, akihesabiwa mmoja aliyefariki miaka mingi baadaye kutokana na majeraha. Zaidi ya 200 walijeruhiwa. Ukilijua hilo, huwezi kumshangaa mzee wa Kadena anayenyanyua kichwa kila anaposikia injini.

Je, kelele zenyewe zina ukubwa gani? Kambi hupokea safari za makumi ya maelfu kwa mwaka, kuruka na kutua. Mwezi Machi 1996, serikali za Japani na Marekani zilikubaliana kupunguza kero hiyo, na kwamba kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi ndege zisiruke, isipokuwa zile ambazo jeshi la Marekani litaona ni za lazima. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobomoa makubaliano yote. Ndege za kivita zinazorejea Marekani, kwa mfano, mara nyingi huondoka kabla ya alfajiri ili zifike mwisho wa safari ndefu ya bahari kukiwa bado na mwanga. Kwa mpangaji wa safari hiyo ni hesabu ya usalama wa rubani. Kwa mama mwenye mtoto mchanga huko Chatan ni saa tisa usiku.

Jeshi la Marekani halitangazi ratiba, na jibu la kawaida kwa waandishi wa habari ni kwamba taarifa hizo haziwezi kutolewa kwa sababu za usalama wa operesheni. Hapo ndipo daftari la mtazamaji linapopata thamani. Magazeti mawili makubwa ya kisiwani, Ryukyu Shimpo na Okinawa Times, kwa miongo mingi yamekuwa yakiripoti ujio wa ndege ngeni kwa idadi na kwa aina, na sehemu kubwa ya habari hizo huanzia kwa watu waliosimama nje ya uzio. Mkoa na halmashauri za miji zina vipimo vyao vya kelele vilivyosimikwa juu ya majengo. Hatimaye hata serikali kuu ilifuata nyayo: kuanzia mwaka 2017, ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Japani kisiwani humo ilianza kufanya hesabu ya macho, mchana na usiku, ya kila ndege inayoruka na kutua Kadena.

Jambo hilo lastahili kutafakariwa. Serikali ya nchi yenye uchumi miongoni mwa mikubwa duniani, inayolipa sehemu kubwa ya gharama za kambi hizo, hulazimika kuweka watu wa kutazama kwa macho ili ijue mshirika wake anafanya nini juu ya ardhi yake. Anga lenyewe la kisiwa hicho liliongozwa na wanajeshi wa Marekani hadi Machi 31, 2010, ndipo kazi ya kuongoza ndege zinazokaribia kutua ikarudishwa kwa Wajapani.

Hesabu hizo zimefika mahakamani, na huko ndiko zilikoonyesha nguvu yake na mipaka yake. Kesi ya kwanza ya kelele za Kadena ilifunguliwa mwaka 1982, ya pili mwaka 2000, na ya tatu mwaka 2011 ikiwa na walalamikaji zaidi ya 22,000. Februari 2017 mahakama ya wilaya iliamuru serikali ya Japani iwalipe fidia ya takriban yeni bilioni 30, kati ya yeni 7,000 na 35,000 kwa mwezi kwa kila mtu kulingana na ukali wa kelele nyumbani kwake. Mahakama ya rufaa ilipunguza kiasi hicho mwaka 2019, lakini haikukana kwamba kelele ni kubwa mno na kwamba zinawaumiza watu.

Ombi la pili la walalamikaji, ambalo kwao ndilo lilikuwa kubwa, lilikuwa kusimamisha safari za usiku na alfajiri. Hilo lilikataliwa katika kila ngazi. Sababu iliyotolewa haikuwa kwamba safari hizo ni halali au kwamba hazina madhara. Mahakama zilifuata msimamo uliowekwa na Mahakama ya Juu mwaka 1993 katika kesi za kambi za Yokota na Atsugi, kwamba serikali ya Japani haina mamlaka ya kuzuia shughuli za jeshi la Marekani, hivyo haiwezi kuamriwa izuie kitu isichokitawala. Mwananchi hawezi kuishitaki Marekani katika mahakama ya nyumbani kwake, na akiishitaki serikali yake, huambiwa siyo yenye kurusha ndege.

Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo: kosa limekubaliwa, malipo yametolewa, na kosa linaendelea usiku ule ule. Hata malipo hayo yanatoka mfuko mmoja. Mkataba wa hadhi ya majeshi wa mwaka 1960 unaeleza kwamba pale Marekani inapokuwa na lawama peke yake, ibebe asilimia 75 ya fidia. Katika kesi za kelele, Washington imekataa kuchangia, na mlipa kodi wa Japani ndiye aliyebeba mzigo. Anayelipwa fidia huko Kadena naye ni mlipa kodi. Mwezi Januari 2022 ilifunguliwa kesi ya nne, safari hii walalamikaji wakiwa zaidi ya 35,000.

Mtu anaweza kuuliza, kama hesabu haiwezi kuzuia hata ndege moja, ina faida gani? Jibu mojawapo limejitokeza tangu mwaka 2022. Mwezi Oktoba mwaka huo, Marekani ilitangaza kwamba ndege zake za F-15 zilizokuwa na makazi Kadena tangu mwaka 1979, zipatazo 48, zingeondolewa kwa awamu kutokana na uchakavu. Kwa aliyesoma tangazo hilo akiwa mbali, ilikuwa habari ya kupunguzwa kwa majeshi, na baadhi ya wanasiasa mjini Washington walilalamika kwamba China ingeona ni udhaifu. Waliokuwa juu ya ghorofa ya nne waliona kitu kingine. Novemba ziliwasili F-22 kutoka Alaska, kisha zikafuata F-35 na nyinginezo kwa zamu, kikosi kimoja kikiondoka kingine kikiingia. Hizi hazina makazi Kadena, hivyo katika orodha ya ndege za kambi hazimo. Kelele zao, hata hivyo, zimo, na injini za aina hiyo mpya zina mngurumo mkali kuliko za zile zilizoondoka.

Wenyeji wana neno lao kwa ndege za namna hiyo, lenye maana ya ndege zinazotoka kwingine. Bila hesabu ya nje ya uzio, ndege hizo zisingekuwapo kwenye kumbukumbu yoyote inayoweza kuwekwa mbele ya hakimu. Vivyo hivyo kwa ndege zisizo na rubani aina ya MQ-9, zilizohamishiwa Kadena mwishoni mwa mwaka 2023.

Upande wa pili wa shilingi ni wa kijeshi. Kadena iko takriban kilomita 600 na ushei kutoka Taiwan, na kila mtaalamu wa mikakati anajua kwamba vita vikizuka katika mlango wa bahari wa Taiwan, njia hizo mbili za kurukia zitakuwa miongoni mwa shabaha za kwanza za makombora ya China. Kwa hiyo mienendo ya ndege za Kadena husomwa kama vile mvuvi anavyosoma mawingu. Ndege ya kunusa chembechembe za mionzi, WC-135, ikitua kisiwani, wahariri mjini Seoul na Tokyo huanza kuuliza kuhusu majaribio ya nyuklia ya Korea Kaskazini.

Agosti 2, 2022, Spika wa Bunge la Marekani wa wakati huo, Nancy Pelosi, alipokuwa akielekea Taipei licha ya vitisho vya Beijing, shirika la utangazaji la NHK liliripoti kuruka kwa ndege nane za F-15 na tano za kujaza mafuta kutoka kambi ya Okinawa. Jioni hiyo, kwa mujibu wa mtandao wa Flightradar24, watu wapatao milioni 2.9 duniani walifuatilia sehemu ya safari yake, na kati yao 708,000 walikuwa wakiitazama kwa pamoja ilipotua. Kutazama ndege, jambo lililokuwa la wazee wachache na darubini zao, liliingia katika simu za mkononi.

Teknolojia yenyewe si ngumu. Ndege nyingi hutangaza kwa redio namba yake ya utambulisho, mahali ilipo, kimo na kasi, ili zisigongane. Mtu yeyote mwenye kipokezi cha bei nafuu anaweza kunasa taarifa hizo na kuzituma kwenye mtandao. Ndege za kijeshi huweza kuzima kifaa hicho, na mara nyingi huzima. Siku nyingine huacha kikiwaka kwa makusudi, kwa kuwa kuonekana nako ni ujumbe.

China imelielewa hilo vyema. Tangu mwaka 2019, taasisi moja yenye makao Beijing, ijulikanayo kama South China Sea Probing Initiative, imekuwa ikikusanya taarifa hizo za wazi na kuchapisha michoro ya safari za ndege za upelelezi za Marekani karibu na pwani ya China, nyingi zikitokea Kadena. Mwaka 2020 ilidai kwamba ndege ya RC-135 ilitumia namba ya utambulisho ya ndege ya abiria ya Malaysia, na Wizara ya Mambo ya Nje ya China ikalivalia njuga suala hilo. Taiwan nayo, kuanzia Septemba 2020, ilianza kutangaza kila siku idadi ya ndege za China zinazokaribia anga lake. Kila upande sasa unapigana kwa hesabu.

Hapo ndipo hofu ya baadhi ya watu wa Okinawa inapoanzia. Serikali ya Japani, iliyopitisha sheria ya kulinda siri mwaka 2013, ilipitisha mwaka 2021 sheria nyingine inayoiruhusu kuchunguza matumizi ya ardhi ndani ya kilomita moja kuzunguka kambi na maeneo mengine muhimu. Wakosoaji, wakiwemo wanasheria, wanasema lugha ya sheria hiyo ni pana mno, na kwamba siku moja mwananchi anayehesabu kelele atatazamwa kwa jicho lile lile linalomtazama jasusi. Serikali imesisitiza kuwa sivyo.

Hoja ya usalama haipaswi kubezwa. Rubani aliye angani ana haki ya kutotangaziwa adui zake. Lakini picha za setilaiti za kampuni binafsi huonyesha maegesho ya Kadena kwa uwazi kuliko lenzi yoyote ya barabarani, na Beijing ina setilaiti zake. Kinachopatikana kwa daftari la mkazi wa Chatan, na hakipatikani kwa setilaiti, ni saa ambayo mtoto wake aliamshwa. Hiyo haina thamani kwa jeshi lolote. Ina thamani kwa hakimu, kwa diwani, na kwa daktari anayechunguza usingizi wa wagonjwa wake.

Zipo pia nyakati ambapo macho hayo huuliza maswali ya usalama wa wanajeshi wenyewe. Novemba 29, 2023, ndege aina ya CV-22 Osprey iliyokuwa ikitoka Iwakuni kwenda Kadena ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Yakushima na kuua Wamarekani wote wanane waliokuwamo. Ndege nyingine za aina hiyo ziliendelea kuonekana angani mwa Okinawa kwa siku kadhaa, na serikali ya Japani ilikuwa imeomba zisiruke, hadi Marekani iliposimamisha Osprey zote duniani Desemba 6. Kwamba ziliendelea kuruka lilikuwa jambo lisiloweza kukanushwa, kwa kuwa lilikuwa limepigwa picha.

Julai 2024, Marekani ilitangaza kwamba ndege mpya 36 za F-15EX zingechukua nafasi ya zile 48 za zamani. Kwenye karatasi, hilo ni punguzo la ndege 12. Makubaliano ya mwaka 1996, ambayo ndiyo yanayopaswa kulinda usingizi wa watu wa Kadena, hayataji popote kikomo cha idadi ya ndege zinazotoka kwingine.